Siku Bibi Alipopeleka Kidonge Chake Shuleni

Mwezi uliopita nilipanda Nkoaranga, kijijini kwetu, kumsalimia shangazi. Mvua ilikuwa imenyesha, na kile kijia cha mteremko kati ya migomba bado kinateleza kama zamani, maana nilianguka palepale nilipozoea kuanguka nikiwa darasa la sita. Nilipoinua kichwa nikaiona shule yetu ng'ambo ya korongo, nikacheka peke yangu na matope yangu. Nilikuwa nimemkumbuka bibi.

Huyo bibi ndiye aliyenilea, ndugu yangu, kwenye nyumba iliyonukia kahawa ikikaushwa uani na loshoro ya mahindi ikichemka jikoni. Alikuwa na kopo la majani ya chai, na humo mlikuwa na dawa zote zilizowahi kubaki katika ukoo wetu. Mtu akipewa dozi, akipata nafuu siku ya tatu, vidonge vilivyobaki vilihamia kwenye kopo. Jirani akikohoa alipewa kimoja. Jino likiuma, kimoja. Kuku akisinzia alipata nusu, imechanganywa na pumba. Bibi hakujua majina ya vidonge, alivijua kwa rangi, na alichokiamini kuliko vyote kilikuwa kile cha rangi mbili. Hakuna aliyethubutu kumpinga, kwa kuwa kuku wengine walipona kweli.

Ndipo dada mmoja wa maabara ya mjini akaanza kuja shuleni kila Alhamisi, koti jeupe, raba zimejaa tope. Alileta visahani vya plastiki vyenye kitu kama jeli, akasema hicho ni chakula cha vijidudu. Kimoja alikigusa mwanafunzi aliyenawa kwa sabuni, kingine asiyenawa. Cha tatu kilipata vumbi la kitasa cha choo. Cha nne mwalimu mkuu alijitolea kukigusa mwenyewe, ili tuone mfano wa usafi. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majina kwenye vifuniko.

Wiki iliyofuata visahani vilirudi vimefungwa kwa selotepu. Cha choo kilikuwa na madoa machache. Cha mwalimu mkuu kilistawi kama bustani, manjano, nyeupe, na kitu fulani chenye manyoya. Darasa zima lilitazama sakafu. Yeye alinitazama mimi, akaniuliza taratibu kama nina hakika na nilichoandika. Nikasema ninayo. Akatueleza kwamba kiongozi husalimiana na watu wengi, na kesho yake tukakuta ndoo ya maji na sabuni mlangoni pa ofisi yake.

Alhamisi hiyohiyo ya visahani dada alitufundisha usugu wa dawa. Dozi ikikatizwa, alisema, vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaana, na baadaye dawa ileile haviiogopi tena. Nikalifikiria kopo la bibi. Bibi alikuwa amejikata mguu kwa jembe, na kila asubuhi alifungua kidonge cha rangi mbili akanyunyizia kidonda unga wake. Mguu ulikuwa unazidi kuvimba. Hospitali ilikuwa karibu tu, lakini yeye alisema hospitali ni ya wagonjwa.

Nilipomweleza, alinisikiliza huku akimenya ndizi, kisha akasema kopo hilo ndilo lililonikuza. Alhamisi ilipofika akajifunga khanga, akachukua fimbo na kidonge kimoja, akachechemea nami hadi shuleni. Dada akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia, akakiweka kidonge mezani.

"Kipime hiki, mwanangu, mjukuu wangu aone."

Dada hakumcheka. Alimwomba abonyeze kidole kwenye kisahani, akaahidi kuweka unga wa kidonge katikati. Dawa ikifanya kazi, alieleza, huacha duara tupu lisiloota kitu. Akamsihi aende hospitali bila kungoja. Bibi akasema ataenda duara likikosekana, na wiki nzima akawaambia majirani kwamba duara lake litakuwa kubwa.

Alhamisi iliyofuata duara halikuwepo. Vijidudu vilikuwa vimeota hadi juu ya unga wenyewe. Bibi alikiinua kisahani dirishani, akakitazama sana. Dada akamwambia kwa upole kwamba huenda dawa ilikuwa imekwisha nguvu, huenda vijidudu vimeizoea, ila vyovyote iwavyo haimsaidii.

"Kumbe ni kama tumbili," bibi akasema. "Ukimfukuza nusu ya shamba, kesho anarudi, na njia anaijua. Lazima umvushe mto."

Tulikwenda hospitali moja kwa moja. Daktari alisema angechelewa zaidi, mguu ungekatwa. Bibi alinishika mkono, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiogopa. Walimlaza, akapona, na dozi akaimaliza yote. Kopo tulilikabidhi kwa mfamasia, aliyechungulia ndani akaenda kuvaa glavu.

Baada ya hapo bibi akawa balaa. Alimfahamu kila mtu aliyeandikiwa dawa pale mtaani. Asubuhi nikifagia uwanja nilimsikia akipaza sauti juu ya mibuni: "Umemeza?" Na jirani, mtu mzima kabisa, mdomo umejaa maji, akijibu kwamba amemeza. Mwalimu mkuu alipougua tumbo, aliulizwa hivyo mbele ya waumini nje ya kanisa, akajibu kama mwanafunzi.

Bibi ametangulia. Mibuni mingi imeng'olewa, na kati ya nyumba na nyumba kuna kuta za matofali zisizopitisha sauti. Mimi naishi mjini, Sekei. Juzijuzi niliandikiwa dozi ya siku saba, siku ya tatu nikajiona mzima, nikaviweka vidonge vilivyobaki kabatini. Nikasimama jikoni kidogo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikavitoa, nikameza kimoja, kisha nikafungua dirisha nikasema kwa sauti kwamba nimemeza. Jirani yangu, ambaye hata jina lake silijui, alinitazama kutoka kwenye kamba yake ya nguo, akafunga pazia.