Kirukanjia wa Njia ya Ekerenyo

Nilipokuwa mtoto, hakuna ndege aliyeninyima raha kama kirukanjia. Mchana humwoni, hujilaza chini na rangi yake ni ya majani makavu, hata unaweza kumkanyaga. Giza likianza kuingia, hutua katikati ya njia na kukodoa macho. Nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, alisema ukimkuta hapo nawe umebeba mgonjwa, rudi nyumbani. Ukimpita, utarudi na maiti.

Jioni moja mdogo wangu Mogaka, ambaye hata kutambaa hakuwa ameanza, aliwaka homa hadi akaacha kulia. Mama alimfunga mgongoni, mimi nikachukua tochi, tukashika njia ya zahanati ya Ekerenyo katikati ya mashamba ya chai. Magokoro alitufuata mpaka langoni.

"Mkimwona, mrudi. Msijifanye wasomi."

Tulimwona. Macho mawili mekundu, chini kabisa, njiani. Mama alisimama, nami nikamvuta leso turudi. Ndege akaruka hatua chache, akaanguka, akaburuta bawa kama lililovunjika, kisha akaachama. Sijawahi kuona kidomo kidogo vile kikifunguka kwa upana ule. Nililia kwa hofu.

Mama alininyang'anya tochi, akamulika pale ndege alipokuwa ametua. Palikuwa na mayai mawili juu ya majani ya mikaratusi, bila kiota.

"Anatudanganya tumfuate yeye," alisema. "Ana watoto." Kisha akamgeukia ndege, kwa sauti ya mtu anayemsalimia jirani: "Hata mimi ninaye, mama. Nipishe."

Tukayazunguka mayai, tukaenda. Mogaka alidungwa sindano, na alfajiri akanyonya. Magokoro alimpapasa mwili mzima tuliporudi, lakini hakukubali kushindwa.

"Ndege hasahau," alisema, akaenda kukama ng'ombe.

Nimesoma tangu wakati huo. Najua kirukanjia hula nondo na kumbikumbi, na hukaa barabarani kuwavizia. Mama ndiye aliyenishinda kuelewa: alimpita ndege siku ile, lakini mpaka leo halali kabla ya kusikia pikipiki ya Mogaka ikiingia bomani. Nami si bora. Juzi nikitoka Keumbu, macho yale yaliwaka mbele ya gari. Nilisimama, nikampigia Mama simu.

"Mtoto amefika?"

"Amefika. Anakula."

Mtoto mwenyewe ana ndevu. Nilingoja ndege aruke kwa hiari yake, ndipo nikaondoa gari.