Hakuwa Mpole

Watu wote wa mtaa ule walimwita Taipu, hata mkewe. Alikuwa na kibanda cha kupiga chapa mkabala na geti la hospitali: kompyuta moja, mashine ya kutoa kopi, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya. Kwa vile hospitali haikosi misiba, kazi yake kubwa ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kanisani kabla ya mazishi.

Aliandika haraka kuliko mtu yeyote, maana kwa kweli alikuwa ameuandika mara moja tu. Siku zote alifungua maandishi yale yale, akabadilisha jina, mwaka wa kuzaliwa na ugonjwa, basi. Kila aliyekufa alikuwa mpole, mcha Mungu na mpenda watu. Siku moja alisahau kufuta mstari wa marehemu aliyetangulia, na bibi kizee mmoja akaagwa mbele ya kanisa zima kama golikipa hodari wa timu ya kiwanda. Waombolezaji waliinamisha vichwa, lakini mabega yao yalikuwa yanatikisika.

Mkewe aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mpiga pasi wa hospitali hiyo hiyo, mwanamke wa sauti kubwa na moyo usiojua kuficha kitu.

"Taipu wee," alisema akipangusa machozi, "siku yangu ikifika usije ukanivisha glavu za golikipa."

"Siku yako itakuta mimi nimeshatangulia."

"Haya, tangulia. Nitaandika mwenyewe: alikuwa mwoga wa kuku. Mwisho."

Mungu alipanga vingine. Mama wa watu aliugua kifua, akalazwa kwenye mashuka aliyokuwa akiyapiga pasi kwa mikono yake, na alfajiri moja akatulia. Bwana ampumzishe.

Asubuhi ile Taipu alikwenda kibandani kama siku nyingine, kwa sababu miguu yake haikujua njia nyingine. Akafungua yale maandishi, akaweka jina la mkewe, mwaka, ugonjwa. Chai aliyonunua nje ilikuwa bado inafuka moshi alipomaliza.

Shemeji yake, kaka wa marehemu, dereva wa malori, akaja kuchukua karatasi aipeleke kwa mchungaji. Aliisoma amesimama, midomo ikitembea.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Dada yako."

"Dada yangu alianza lini kuwa mpole? Huyu aliyenifukuza na mwiko nikiwa tayari na ndevu?"

Taipu akavuta kikombe cha chai.

"Humu hayumo," shemeji akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nimemtafuta mstari kwa mstari."

"Ndivyo zinavyoandikwa."

"Hizo za wateja. Andika nyingine. Na uisome wewe."

"Mimi ni mtu wa kuandika tu. Kusoma ni kazi ya mzee wa kanisa. Nikisimama mbele za watu magoti yananikana, unajua."

"Najua sana. Siku ya harusi ulikubali kwa kutikisa kichwa."

Taipu akajaribu. Vidole vikaandika vyenyewe, "Marehemu alizaliwa." Akafuta. Vikaandika tena yale yale. Nje ya maneno yale hapakuwa na pa kushika, na hilo ndilo aliloliogopa. Ndani ya maneno hayo mkewe alikuwa marehemu kama marehemu wengine, na marehemu wengine hawakuwahi kumliza.

Shemeji akamgusa bega. "Toka hapo. Wewe sema, mimi nabonyeza."

"Umewahi kugusa kompyuta?"

"Nimeshusha lori milimani breki zimekufa. Hii ndiyo itanishinda?"

Karibu imshinde. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akiisaka kila herufi kama mtu aliyeangusha sindano. Taipu alikaa kwenye kile kiti cha mteja, ambacho miaka yote hakuwahi kukikalia, akasema sentensi moja, kisha ikabidi asubiri. Na katika kule kusubiri mkewe akaja. Akamwona nyumbani mbele ya meza ya pasi, anaimba, anapotea njia ya wimbo, anaendelea tu. Kila Jumapili alimnyooshea shati lote, akauacha mfuko wa kifuani na makunyanzi, kwa makusudi. "Hiyo ni sahihi yangu," alikuwa akisema. "Wajue una mwenyewe."

Taipu akalisema hilo pia.

"Makunyanzi," shemeji akanong'ona, machozi yakimdondoka. "Herufi ya kei iko wapi?"

"Iko hapo hapo mbele yako. Na jifute, mashine itaingia maji."

Kanisani, mchungaji alipomwita, Taipu alikwenda akajiegemeza kwenye jeneza.

"Mke wangu hakuwa mpole," akasoma.

Mchungaji akainua macho. Karatasi ilitetemeka mpaka maandishi yakawa hayasomeki. Taipu akailaza juu ya kifuniko cha jeneza, akaibana kwa kiganja, ikatulia.

"Aliimba kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya alifunga na kuiombea."

Upande wa kwaya mtu akakohoa, kisha kicheko kikamtoroka.

"Alipoomba, alianza kwa kugombana na Mungu, akamaliza kwa kumshukuru. Naamini sasa wanaongea vizuri."

"Amina!" akajibu mama mmoja kutoka nyuma, na kanisa likaitikia.

Alipofika kwenye habari ya shati, sauti ilimkimbia kabisa. Akaweka mkono kifuani. Alikuwa amevaa shati la mwisho alilopigiwa pasi kabla mkewe hajalazwa. Lilikuwa limenyooka, ila mfuko. Hakuna aliyehitaji kusomewa zaidi.

Siku chache baada ya mazishi, binti mmoja aliingia kibandani, macho mekundu. Baba yake alikuwa amefariki.

"Niandikie ile ya kawaida tu, baba."

Taipu alitazama yale maandishi kwenye kioo, kisha akayafuta yote. Akamsogezea kiti cha waya.

"Pole, mwanangu. Kaa. Hebu niambie, mzee alikuwa anachekaje?"

Binti akafikiri. "Alikuwa hacheki kabisa."

"Haya," akasema Taipu, vidole vikingoja. "Tuanzie hapo."