Jembe la Kufukia Nzi

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu ya mabibo. Bibo la mkorosho likishaanza kuchacha, harufu yake inaingia hata kwenye nguo za sandukuni. Kwetu Masaki, huko Kisarawe ya ndani, msimu wa korosho kila mtu aliujua mwendo wake: unaokota, unanyonga korosho unatia kikapuni, bibo unatupa. Sisi tulitupa nyuma ya jiko. Baba alisema yataoza yawe mbolea ya muhogo. Basi yakarundikana pale, na hakuna aliyeyatazama tena.

Nzi wakaja. Sisemi nzi wa kupunga kwa mkono. Ukifunua kawa uchukue tonge, linafika mdomoni limeshaonjwa. Na mama yangu hakuwa mchafu, usinielewe vibaya. Alifagia uwanja asubuhi na jioni. Akatundika majani ya mwarobaini mlangoni, akafukiza maganda ya machungwa mpaka tukakohoa sisi. Nzi walitoka kidogo, wakangoja moshi upungue, wakarudi.

Mtu akishindwa kazi hutafuta wa kumlaumu, na mama hakwenda mbali. Nyuma ya ua wetu alikaa Bi Tatu, mfuga mbuzi. Mama akasema nzi ni wa mbuzi wale.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na jambo zito. Dada yangu Zuhura alikuwa anangoja posa, na kijana mwenyewe ni mtoto wa kaka yake Bi Tatu. Ijumaa ile wakwe walikuwa waje kwetu, na Bi Tatu, kwa kuwa ni shangazi mtu, ndiye wa kuwaleta. Mama badala ya kutuliza ulimi akampelekea maneno: aondoe mbuzi wake, la sivyo wageni watakula pilau pamoja na nzi wa mbuzi hao. Bi Tatu naye si mtu wa kumeza neno. Akajibu kuwa mwenye macho makali ya kuona nzi wa mwenzie, ayatumie hayohayo kutafuta mkwe mwingine.

Salamu zikakatika. Zuhura akawa anakoroga uji huku analia, na uji wenyewe, Mungu anisamehe, siku zile haukuhitaji chumvi.

Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa kaja kutusalimu. Alikaa kibarazani akitutazama tunavyopiga nzi kwa kanga. Akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kuwafuata nzi hawa akaona wanakotoka. Akashika fimbo yake, akaenda kwa Bi Tatu, akabisha hodi. Bi Tatu akamwamkia vizuri, maana ugomvi hauvunji shikamoo. Bibi akaomba kuona banda. Akachokoa mavi ya mbuzi kwa fimbo, na sisi tumesimama nyuma yake. Makavu. Bi Tatu alikuwa anayazoa kila siku na kuyaanika juani.

Bibi akashukuru, akarudi kwetu, akapita moja kwa moja nyuma ya jiko. Akachoma fimbo katikati ya lundo la mabibo, akafumua. Mwanangu, mabuu. Meupe, yanajinyonganyonga kama mchele uliopewa uhai. Nzi wakainuka pale wakafunika jua.

Bibi hakupandisha sauti. Akamwambia mama, "Mama Zuhura, mbuzi wa mwenzio wamefugwa kwa kamba. Hawa wa kwako umewafuga kwa uvivu."

Mama akatazama chini. Nyani haoni kundule, lakini akionyeshwa mbele ya watoto wake, anaona. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mlangoni kwa Bi Tatu. Tulimsikia kutoka uani.

"Shoga, nimekuja kuazima jembe."

"La nini?"

"La kufukia nzi wangu."

Bi Tatu akacheka, kicheko kile cha mtu aliyekuwa anakitafuta siku nyingi. Jembe hakulitoa. Alikuja nalo mwenyewe. Wakachimba shimo refu shambani, mbali na nyumba, mabibo yakashuka yote, majivu juu, udongo juu ya majivu. Ijumaa nzi walikuwepo wachache, wa kupunga kwa mkono, na aliyewapunga kwenye sinia la wakwe ni Bi Tatu. Leo Zuhura ana wajukuu huko Kurui.

Nimelikumbuka hili kwa sababu juzi, hapa Visiga ninapokaa, mjukuu wangu kanunua dawa ya kopo, kapuliza mpaka chai ikanuka, kisha akataka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki jirani mwenye kuku wa kisasa. Nikamwambia aningoje. Nikachukua fimbo. Nyuma ya choo chetu pana kiroba cha pampasi za mtoto, kimekaa tangu mvua. Nikakitoboa kwa fimbo, mabuu yakamwagika. Nilimpa jembe.

Kwa hiyo sikiliza. Nzi usimfukuze kabla hujamfuata. Dawa inamuua anayeruka, wale walio ndani ya uozo haiwafikii. Uchafu wa jikoni usilale mpaka ukaota miguu. Ufukie, au uanike ukauke. Choo kifunike, mwaga majivu. Chakula kiwe chini ya kawa, na mikono ioshwe hata kama huoni kitu. Na kabla hujanyoosha kidole juu ya ua wa mwenzio, zunguka nyuma ya jiko lako kwanza. Jirani ndiye atakayekuzika. Nzi atakuja tu kwenye matanga.

Mungu akupe nyumba ambayo mgeni atafunua kawa bila kupunga mkono, na jirani ambaye ukimwomba jembe, atakuja nalo mwenyewe.