Kipa Niliyemwandika Msaliti

Ndugu msimamizi wa ukurasa, naomba jina langu lisionekane. Ni hifadhi ambayo mimi mwenyewe sikumpa mtu ambaye habari zake nazieleza hapa, na ninaiomba nikilijua hilo; safari hii nimebadilisha mji na alama nyingine ili naye asitambulike.

Nina miaka arobaini na saba, mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Tunduma, nina mke na watoto. Tangu ujana nimekuwa shabiki wa klabu moja ya mji huu. Kuna mwaka ilibakiza mchezo mmoja tu ipande daraja, ikaupoteza, na tangu hapo ikaporomoka hadi leo inaomba jezi kwa wafanyabiashara. Mwaka jana nilichapisha kitabu kuhusu namna viongozi walivyoiua. Sikukiandika kwa hasira. Kila tuhuma dhidi ya mwenyekiti na wenzake niliihakiki kwa mashahidi wasiofahamiana, na pale nilipopata shahidi mmoja tu, niliiacha.

Isipokuwa mahali pamoja.

Katika mchezo ule, kipindi cha kwanza, mpira mrefu ulimpita juu kipa wetu. Kipa yeyote angegeuka na kulikimbilia lango. Yeye alirudi kinyumenyume, uso mbele, hatua fupi fupi, mpaka akaanguka chali na mpira ukaingia. Jukwaa zima lilisema amenunuliwa. Nami niliandika hivyo, kwa jina lake kamili, nikaongeza sentensi niliyoipenda kuliko zote kitabuni: kwamba alirudi kinyumenyume kama mtumishi anayeagana na bwana aliyemlipa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyokitangaza kitabu. Ilisomwa kwa sauti vijiweni. Mke wa kipa huyo anauza mchele wa Kamsamba sokoni, na watu wa utani, wakishapimiwa, wakaanza kuondoka mbele ya meza yake kinyumenyume, wameinama, soko likicheka. Nililiona kwa macho yangu, na mara ya kwanza nilitabasamu.

Jumapili moja mchana kipa mwenyewe alikuja nyumbani, bado amevaa suti ya ibadani. Siku hizi ni mzee wa kanisa. Mke wangu alimkaribisha chai. Aliinywa yote, akaweka kikombe mezani.

"Mwalimu, kitabu nimekisoma. Viongozi umewapata."

"Nashukuru, ndugu yangu."

"Ila mimi hukuniuliza."

Nilimjibu kwamba uwanja mzima uliona.

"Uwanja uliona miguu. Lango langu kipindi cha kwanza lilitazama wapi?"

Nilifikiri. Lilitazama mpakani, upande wa Zambia.

"Haya. Asubuhi ile kamati ya ufundi ilituita. Mwenyekiti akanishika bega, akasema, 'Kijana, dawa imetoka ng'ambo. Mpaka mapumziko usiipe ng'ambo mgongo. Ukigeuka tu, umeiua timu.' Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu. Mpira uliponipita nikayasikia maneno yale yale. Mwili ukakataa kugeuka."

Anayefuatilia soka la nchi hii anajua kuwa kamati ya ufundi haihusiki na ufundi wa mpira; ni watu wanaokwenda kwa waganga kwa niaba ya timu. Nami nilijua ipo. Niliiacha nje ya kitabu kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kisomwe na wasomi, na niliona habari za hirizi zingekishushia hadhi. Kwa hiyo ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya mwenyekiti ulikuwa katika ukurasa uleule nilimomcheka kijana aliyemtii.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Kwa nani? Wakati ule, nani angenipanga tena? Na leo nisimame mbele ya washarika niwaeleze kwamba nilikuwa natii mganga? Sababu usiitaje popote. Sema tu ulikosea. Mama watoto anachekwa."

Niliahidi. Sijatimiza.

Uchaguzi wa klabu ni mwezi ujao, na mwenyekiti yule anagombea tena. Wanachama wanaompinga wanatembea na kitabu changu mkononi. Nilipomweleza katibu wa tawi letu la mashabiki kwamba nataka kukiri nilimkosea kipa, bila kumwambia zaidi, aliangua kicheko.

"Mwalimu, unataka kujifunga mwenyewe dakika za majeruhi? Ukisema ukurasa mmoja ni uongo, mwenyekiti atasimama mkutanoni aseme kitabu chote uongo. Halafu ukiulizwa umejuaje, utajibu nini?"

"Sitaweza kujibu."

"Umeona? Ngoja uchaguzi upite. Huyo kipa kavumilia miaka yote, mwezi mmoja utamuua?"

Niliupima mjengo wa hoja yake na sikuona ufa. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko ile sentensi: sentensi niliiandika kwa kutojua, lakini huku kungoja nakufanya nikiwa najua.

Juzi nilikwenda sokoni kununua mchele kwenye meza ya mama yule. Nilidhani ningepata ujasiri wa kumwomba radhi. Alinipimia, akaweka na nyongeza kama anavyomfanyia mteja yeyote, akafunga mfuko. Wauzaji wa jirani walikuwa wameshanitambua. Wawili walianza kugongana viwiko, wakisubiri mwenye kitabu afanye kile ambacho kitabu kimewafundisha.

"Shemeji," nilianza, kisha nikamhesabia tu pesa zake.

Alinipa mfuko, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Mwalimu, ukiondoka nipe mgongo tu, kama watu wote. Itatosha."

Niligeuka nikaondoka.

Ninyi mnaosoma hapa, hasa mliowahi kuipenda timu kiasi cha kuumia: niseme sasa, bila kutoa sababu, na pengine nimrudishe mwenyekiti madarakani? Au ninyamaze hadi kura zipigwe, na mama yule aendelee kuinamiwa sokoni? Nipeni neno lenu, kwa maana kila ninapojishauri peke yangu, najikuta nimejipa tena ruhusa ya kungoja.