Kopo la nyama tulilopeleka Addis Ababa

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kuna mtu ameuliza hapa ni mji mkuu gani wa Afrika uliotugusa. Wangu ni Addis Ababa. Sitaongeza chumvi, maana mama yangu alichukia uongo na hadithi hii ni yake.

Kitengela ya miaka ya tisini wengi wenu hamkuiona. Kwetu kulikuwa na nyumba sita na uwanda mtupu, unafungua mlango asubuhi unakuta nyumbu kwa gate. Sisi ni Wakamba, lakini rafiki mkubwa wa mama alikuwa Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai. Hao wawili walipika pamoja mpaka sisi watoto tukasahau sufuria ni ya nani. Naimiss sana hiyo Kitengela.

Sasa, 2005, kaka yangu Kyalo alikuwa mekanika huko Addis, na akapenda msichana anaitwa Hirut. Mama yake Hirut alikuwa mjane kama mama yetu. Akasema hatoi jibu lolote kabla hajamwona mama aliyemzaa huyu kijana. Hirut naye alikuwa amesema wazi kwamba mama yake akikataa, yeye haolewi.

Ilikuwa wiki moja baada ya Pasaka. Mama Naserian alishinda siku mbili jikoni akitengeneza olpurda, ile nyama ya Kimaasai iliyokaangwa ikakauka, ikafunikwa na mafuta yake. Akaijaza kwenye kopo kubwa la bati.

"Hii haiharibiki," akamwambia mama. "Peleka, huyo mama ajue kijana ametoka kwa watu."

Mama akalifunga kopo kwa leso na akakataa kumwambia mtu kilichomo, hata Kyalo. Zawadi haitangazwi, alisema.

Mimi na mama tulienda kwa barabara kupitia Moyale, siku nne, mgongo wangu haujawahi kusamehe.

Lakini wakuu, ule mji! Punda wamebeba kuni wanapita chini ya jengo la vioo. Kijana wa suti anasimama katikati ya barabara kubusu msalaba wa padri, halafu anarudi kwa simu yake. Saa wanahesabu kama sisi, asubuhi ni saa moja. Mwaka wao ulikuwa bado 1997. Mama aliposikia alicheka, akasema amerudishiwa miaka minane na hajui aanzie wapi.

Tukafika kwa kina Hirut saa tisa alasiri. Sakafuni kulikuwa na nyasi mbichi, na mama yake alikuwa anakaanga buni kwenye makaa, akituletea moshi tuunuse. Mimi ni mtu wa chai, lakini ile harufu sijaisahau.

Mama akafungua leso, akafungua kopo, akaweka nyama katikati ya meza.

Hirut akaangalia chini. Hakuna aliyenyoosha mkono, na Kyalo alikuwa ameshika kichwa.

Mama akanywa kikombe chake cha kwanza cha kahawa, akachukua handbag akasimama. Akaniambia kwa Kikamba, "Wamekataa chakula changu. Wamekataa mtoto wangu."

Kumbe huko kahawa ni vikombe vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Kuondoka baada ya kimoja ni matusi. Basi kila mama alikuwa amemtukana mwenzake bila kujua, na harusi ya Kyalo ilikuwa inatoka mlangoni na handbag.

Mama Hirut akaja, akamshika mama bega. Akauliza kitu, Hirut akatafsiri kwa Kiingereza: hii nyama inakaa muda gani?

"Mwambie miezi," mama akasema. "Hata sita."

Yule mama akaongea kirefu. Hirut akatuambia, "Sisi tuko kwa mfungo. Pasaka yetu ya Orthodox bado haijafika, hatugusi nyama. Mama anaomba mmuachie. Itangoja pamoja na sisi."

Akalibeba kopo kwa mikono miwili, akaliweka kwenye rafu chini ya picha ya Bikira Maria. Mama akakaa chini. Akanywa cha pili, na cha tatu.

Jibu hatukupewa. Tulirudi Kitengela hivyo hivyo, na mama hakulala vizuri hata siku moja.

Mwezi wa tano, Jumapili mchana, simu ikalia. Nyuma kulikuwa na kelele za watu wengi. Kyalo akasema, "Mum, wamefungua kopo. Anagawia ndugu zake wote. Anawaambia imetoka kwa mama mkwe wa Hirut."

Mama alikaa kwa ngazi akalia, Mama Naserian akimcheka.

Miaka minne baadaye mama alituacha. Mama Hirut alikuja mazishi kwa barabara ile ile. Huku kwetu hurudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu, na sijui nani alimwambia, maana alishuka na lile kopo letu, limesuguliwa linang'aa, limejaa buni.

Aliikaanga kwa compound yetu, katikati ya maflati ya siku hizi. Hakuna aliyeondoka kabla ya kikombe cha tatu.

Nilichojifunza ni kwamba ukienda kwa watu, usiharakishe kusimama. Wewe ulikosea nini ugenini, na nani alikushika bega? Niambieni, nasoma zote.