Seli Zilizonuka Dagaa

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa koleo wala bisibisi. Alinitazama mikono, akasema, "Binti, vua hizo bangili. Na pete."

Bangili nilivua. Pete nikasita, maana ilikuwa ya uchumba.

"Mchumba hatakuacha kwa kuivua," akaniambia. "Ila ikigusa ncha zote mbili za betri itapiga shoti, na kidole kitaiva ungali unakitazama."

Nikaivua, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Ndivyo nilivyoingia ufundi wa betri, katika karakana ya chumba kimoja pale Mabatini, nyuma ya maduka ya vyombo. Kompyuta za kubeba zilikuwa zimeanza kuzeeka mjini, na watu walituletea betri zake tuzifufue. Ndani ya kila betri mlikuwa na seli za litiamu, za duara, nene kama kidole gumba, zimevikwa ngozi ya plastiki. Tulizitenganisha, wagonjwa huku na wazima kule, na kwa wale wazima tukaunda betri nyingine.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa swala tano, mpole kwa wateja, ila kwa seli hakuwa na huruma wala imani. Alikataza kugusisha chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya moja kwa moja kwenye seli, kwa kuwa joto lake linaiumiza ndani pasipo kuonekana; tuliunganisha kwa utepe wa nikeli na mashine ya kubana kwa umeme. Seli iliyovimba hakuruhusu itobolewe. Iliyoshuka mno chaji hakuruhusu ifufuliwe, hata mwenye betri akilia. Na betri yoyote isiyo na bodi ya ulinzi, ile saketi ndogo inayokata umeme chaji ikizidi au ikipungua kupita kiasi, aliiita kesi ya polisi.

Kisha alikuwa na desturi ya kunusa. Kabla ya kupima chochote aliisogeza seli puani, akafumba macho. Seli inayovuja hutoa harufu tamu, karibu na ile ya rangi ya kucha. Nilicheka siku ya kwanza, naye akanitazama bila kucheka.

"Mita inakwambia seli ikoje sasa hivi," akasema. "Haikwambii jana ililala wapi."

Maneno hayo yaliniingia, na sijui kama yalinifaa kwa mambo mengine ya maisha. Nilianza kunusa maziwa, nikanusa unga, nikanusa mpaka mashati ya mume wangu. Lakini kazini sikuwahi kuunguza meza.

Fundi Mkuu alipofunga karakana kwa uzee, niliajiriwa na kampuni ndogo iliyounda taa za wavuvi wa dagaa. Karabai za mafuta ya taa zilikuwa zinaondoka ziwani, na taa za betri zinazoelea juu ya maboya ndizo zilizoshika nafasi. Kwanza nilipangiwa kituo cha Kamanga, ng'ambo ya pili kwa feri, kutengeneza taa zilizoingia maji. Baadaye nikarudishwa mjini kuwa mkaguzi wa seli, na kampuni ikamchukua mdogo wangu Minza awe mtunza chaji kule Kamanga. Asubuhi wavuvi walimletea taa, jioni wakazifuata zimejaa.

Minza alipewa chumba cha nyuma akae na wanawe. Chumba hicho hakikuwa na mlango wake. Kutoka nje ilibidi upite chumba cha kuchajia, katikati ya betri zote zile. Nililalamika tangu siku ya kwanza. Meneja alisema mlango utatobolewa bajeti ikiruhusu. Basi kila seli iliyopita mikononi mwangu niliikagua nikiwaona watoto wa mdogo wangu wamelala nyuma yake.

Wenzangu waliniita Mpelelezi. Sikukasirika, maana nilikuwa nawapeleleza kweli. Mkuu wa Stoo nilimshuku kwa ukarimu wake. Mtu anayegawa karanga kila siku anataka nini? Dereva nilimshuku kwa kupiga miluzi. Meneja nilimshuku kwa sababu alikuwa meneja.

Ndipo ukaja mzigo wa seli kutoka kwa msambazaji mpya. Zilikuwa na ngozi ya buluu inayong'aa, na zote zilisoma volti zilezile kwenye mita. Meneja alifurahi. Mimi moyo ulikataa, kwa kuwa seli za kweli hutofautiana kidogo hata zikitoka kiwanda kimoja. Hizi zilifanana kama watu waliokubaliana la kusema.

"Mama Mpelelezi, zimepimwa," Meneja akasema. "Unataka nini tena?"

"Nataka zipumzike. Nizijaze chaji, nizilaze kwenye debe la mchanga, kisha nizipime tena. Seli inayoshuka bila kufanya kazi ina ugonjwa ndani."

"Wavuvi wanasubiri."

"Waendelee kusubiri, bosi. Moto hausubiri."

Alinipa sampuli na siku chache, kwa shingo upande. Niliporudi kuzipima, nyingi zilikuwa zimeshuka. Nikachukua moja, nikaichana ngozi kwa ukucha. Kisu hakifai, kinaweza kugusa bati la seli na ukingo wa ncha kwa pamoja kikapiga shoti. Chini ya ngozi ile mpya kulikuwa na kutu. Kwenye ncha chanya kuna kipete cha karatasi cha kuzuia shoti. Nilikinusa.

Kilinuka dagaa.

Nikanusa tena, nikidhani ni mikono yangu. Nikachana nyingine. Hiyo ilikuwa na chembe za mchanga mweupe wa ufukweni, na gamba la samaki limeganda ubavuni. Hizi hazikuwa seli mpya. Zilikuwa za taa zilizozama, zikaanikwa zikakauka, kisha mtu mjini akazivika ngozi mpya. Seli iliyoingia maji hujifanya imepona ikikauka, kumbe inaoza ndani kimyakimya.

Nilimpelekea Meneja kile kipete. Alikinusa, akakaa kwenye kiti.

"Umepeleka taa zozote zenye seli hizi Kamanga?" nikamuuliza.

"Feri ya asubuhi," akajibu. "Nilidhani… wavuvi walikuwa wananipigia simu."

Nilimpigia Minza, simu haikupatikana. Nilishuka kivukoni nikiwa bado na koti la kazi, na muda wote wa kuvuka niliutazama upande wa Kamanga nikitafuta moshi. Niliogopa sana, sitaficha. Kila moshi wa jiko la mtu kule ng'ambo lilinipasua moyo.

Nilipofika, taa zilikuwa kwenye chaji na mwana mdogo wa Minza amelala chumba cha nyuma. Minza mwenyewe alikuwa nje akigeuza dagaa walioanikwa.

"Shikamoo dada, mbona…"

"Mtoe mtoto!"

Hakuuliza. Nilizima swichi kuu, yeye akapita mbio na mtoto begani. Nikayapapasa maboksi ya betri kwa mgongo wa mkono. Moja lilikuwa la moto. Nilichukua reki ya mbao ya kugeuzia dagaa, nikalisukuma hadi nje, nikalivuta mbali na nyumba, upande ambao upepo ungepeleka moshi ziwani. Lilianza kutoa mlio kama wa nyoka. Likatoa moshi mweupe, kisha mwali, nasi tukasimama mbali tukilitazama likiungua peke yake mchangani. Mtoto alikuwa ameamka, anashangilia.

Tulipokwisha kutoa mengine, nilimwonyesha Minza seli niliyokuja nayo mfukoni, ncha zake nimezifunga utepe.

"Nani anaanika seli na dagaa kwenye mwalo huu wa wavuvi?"

Aliitazama bila wasiwasi wowote. "Mimi."

"Wewe?"

"Zile za taa zilizozama. Ulipohama ulisema hazifai, sasa nizitupe? Naanika pale na dagaa wangu, zikikauka anapita yule mnunuzi wa vyuma chakavu anazibeba."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Dada, mbona hukuwahi kuniuliza?"

Nilikuwa nimemshuku mgawa karanga na mpiga miluzi, na kifo chenyewe kilikuwa kinaanikwa na mdogo wangu, kinavuka kwenda mjini, kinavishwa ngozi, halafu kinarudi kulala na wanawe. Minza alipoelewa alikaa chini pale pale mchangani, akampakata mtoto, akalia.

Msambazaji hakuonekana tena. Mlango wa chumba cha nyuma ulitobolewa wiki ileile, bajeti ikapatikana yenyewe. Kuchaji kukahamishiwa banda la mabati, mbali na nyumba, na seli zilizoingia maji zikawa zinafungwa ncha na kuwekwa kwenye pipa la mchanga lenye kufuli. Mkuu wa Stoo bado tunasalimiana vizuri. Sijamwomba radhi, kwa kuwa sikuwahi kumwambia namshuku, ingawa nadhani anajua.

Sasa nimestaafu, naishi Butimba. Vijana wanaokuja na spika zao za kujiundia na magari ya kuchezea huwa wanataka niwaonyeshe kuunganisha. Nawavua pete kwanza. Nawauliza seli waliitoa wapi, na aliyewauzia aliitoa wapi, mpaka wanachoka na mimi. Wakiondoka nawasikia wakicheka njiani.

Siku ya kuniaga, kampuni ilinizawadia taa, mpya kabisa, kwenye boksi lake. Minza alikuwa amekuja na gunia la dagaa. Aliniona nikiifungua taa, nikaisogeza puani, akatabasamu.

"Inanuka nini, dada?"

"Hainuki kitu."

"Basi ni nzima."

"Zile za buluu nazo hazikunuka kitu mpaka nilipozichana," nikamwambia. Yeye mwenyewe akainuka, akaichukua taa mikononi mwangu, akaenda kuilaza nje, mbali na watu.