Pazia la Mahindi

Mama Mboji hakuzaliwa na jina hilo, lakini alilitunza kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa sababu hakuweza kuona taka akazipita. Ukimkaribisha kwako, kabla hajaketi alikuwa ameshachungulia jikoni na kuuliza majivu huwa mnayapeleka wapi. Muuza maziwa alimwekea samadi ya ng'ombe kwenye viroba. Seremala hakuthubutu kutupa maranda bila kumtumia salamu kwanza. Mwenye banda la kuku alishazoea kuamka na kumkuta uani, koleo mkononi, akiulizia hali za kuku mmoja mmoja kama vile ni ndugu zake.

Vyote hivyo aliviozesha nyuma ya nyumba, kwenye shimo lililofunikwa kwa majani ya migomba. Baada ya miezi kadhaa alichimbua mboji yenyewe, udongo mweusi, mwepesi, usio na harufu, akawaonyesha wageni kiganjani kama wengine wanavyoonyesha picha za watoto wao. Marehemu mumewe aliwahi kulalamika kwamba yeye hakuwahi kutazamwa kwa macho yale.

Sasa mwanamke wa namna hiyo, mwambie aache mahindi yake yakae na njaa makusudi, kando ya barabara, watu wakipita na kuona. Aliyemwambia hivyo alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa lori, nyumbani akija kubadilisha nguo na kuondoka, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto mmoja, msichana mdogo aliyekataa katakata kulala popote isipokuwa kitandani kwa bibi yake, tena kwa kukingama.

Mkwe alikuwa bibi shamba wa eneo lile. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, mzani na kabati lisilofunga. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia bila kupindapinda kwamba wakulima wa huku hawajifunzi kitu na ofisi ile inakula bure. Msimu huu atengeneze shamba la mfano, ambalo mtu akilitazama tu ataona faida ya kulisha udongo. La sivyo ofisi itafungwa na yeye atahamishiwa kituo cha mbali, mbali kweli, na mtoto ataondoka naye. Mama Mboji aliposikia hayo alisukuma sahani pembeni, akasema shamba atatoa yeye.

Na ilibidi atoe yeye, kwa kuwa wengine wote walikataa. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Nusu ya shamba mahindi yapate samadi wakati wa kupanda, na mbolea ya kukuzia yakifika magotini. Nusu ya pili mbegu ziwe zilezile, palizi ileile, mvua ileile, ila yasipewe chochote. Nusu ya kwanza kila mkulima aliitaka. Ya pili hakuna aliyetaka kuwa baba yake.

Bustani ya nyuma ya nyumba haikufaa. Udongo wake ulikuwa umeshiba kiasi kwamba ukisahau mpini wa jembe pale utaukuta na majani. Lililofaa ni shamba la barabarani, ambalo shemeji yake alilima mahindi juu ya mahindi mwaka hadi mwaka bila kulirudishia hata bua, mpaka udongo ukapauka na kuwa mgumu kama sakafu. Mkwe akarusha sarafu kuamua nusu ipi ilishwe. Ile ya nyuma ikapata chakula, ya barabarani ikapata njaa. Mama Mboji akaomba sarafu irushwe tena. Mkwe akamweleza kwa adabu kwamba mtu akichagua mwenyewe huwa anajipendelea hata asipotaka, kwa hiyo kura ikishaanguka ndiyo imeanguka.

Ng'ambo ya barabara, barazani kwake, alikaa Redio. Huyu alikuwa fundi cherehani, na jina lake halihitaji maelezo. Kilichopita mbele ya cherehani yake asubuhi, mchana kilikuwa kimeshafika sokoni. Tena alikuwa na donge moyoni, maana Mama Mboji aliwahi kuutazama mchicha wake akauliza kama umeshapelekwa hospitali.

Mahindi ya barabarani yalipoanza kudhoofika, Redio alipata ajira mpya. Kwanza majani yaliingia rangi ya zambarau pembeni. Kisha yale ya chini yakaanza kuwa ya njano, kuanzia nchani na kushuka katikati ya jani, huku mabua yakibaki membamba. Redio alisimamisha cherehani.

"Jirani," alisema, "hayo mahindi unayafuga au unayaadhibu?"

Mama Mboji akaeleza kila kitu, jaribio, sarafu, nusu hii na nusu ile. Redio alisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema maelezo ameyasikia ila mahindi bado ni ya njano. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mama Mboji kaishiwa. Wengine walisema ni uzee. Seremala akatuma mtu kuuliza kwa upole kama bado anahitaji maranda, na hilo ndilo lililomkata maini.

Usimlaumu haraka. Alijua vizuri kabisa kwamba njaa ya mahindi yale ndiyo itakayombakiza mjukuu wake. Lakini alijua pia kwamba watu hawaoni shamba zima, wanaona mstari wa mbele. Mstari mmoja tu, alijiambia. Nyuma yake yatabaki yenye njaa ya kutosha kuwaridhisha wakubwa wote wa kilimo.

Basi akaloweka samadi ya kuku kwenye pipa, akaiacha siku kadhaa, akachuja maji yake, akayapunguza makali kwa maji safi na kuyatia kwenye birika kubwa la zamani. Asubuhi mapema, kabla Redio hajafungua mlango, alipita kwenye mstari wa mbele akiyamimina taratibu kwenye mashina. Mwendesha pikipiki mmoja alimwona na birika akasimama, akaomba kikombe cha chai. Mama Mboji akamwambia imepoa. Yule kijana akavuta hewa puani, akakubali kwamba imepoa siku nyingi, akaondoka.

Mstari wa kwanza ukashika rangi. Ulipendeza hasa, ila majani ya njano ya mstari wa pili yalikuwa yakichungulia katikati, ikabidi nao upate kidogo. Kisha upepo ulipovuma uliyapinda ya mbele na kuonyesha wa tatu. Mtu hawezi kushindana na upepo, akaulisha na wa tatu. Hapo akaapa kwamba imetosha, na kwa mshangao wake mwenyewe akakitii kiapo. Kando ya barabara palisimama pazia la mahindi marefu, ya kijani kibichi, na nyuma yake masikini wenzao wakaendelea kufa njaa kwa amani.

Redio aliacha matangazo. Alianza hata kuamkia vizuri. Mama Mboji naye akawa anapita pale barazani mara nyingi kuliko safari zake zilivyohitaji, shingo juu, akiulizia bei ya vifungo.

Jambo moja tu lilimtia hofu, nalo ni mkwe. Kila wiki alikuja na ufito wake wa kupimia urefu. Mama Mboji alijibanza nyuma ya mgomba akamwona akipita mistari ile mitatu bila hata kugeuza shingo, akaenda kupima katikati ya shamba, akatoka na kurudi kazini. Mama Mboji akashusha pumzi. Alimwonea na huruma kidogo, shule yote ile na macho hayaoni.

Siku ya wageni ilifika. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kuingia shambani ilikuwa tope tupu. Wakulima walijaa barabarani. Redio alifunga cherehani, jambo asilolifanya hata akiugua. Mama Mboji alivaa gauni lake la kutokea, mjukuu kamshika mkono, akawa anapokea sifa za mahindi yake kwa unyenyekevu wa uongo.

Kisha mkwe akaja na vibao viwili. Kimoja alikipeleka nyuma. Cha pili, kilichoandikwa BILA MBOLEA kwa herufi kubwa, alikichomeka kando ya barabara, mbele kabisa ya mahindi mazuri kuliko yote mtaani.

Vibao Mama Mboji hakuvifikiria. Alikisoma kile mara mbili.

Mkubwa wa kilimo akashuka garini. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, akatazama tope, akatazama viatu, akaamua kuyaona mambo akiwa barabarani. Mkwe akamwomba aingie, hatua chache tu, shamba lenyewe liko ndani. Mkubwa akacheka kwa upole akasema anaona vizuri hapo alipo. Akasoma kibao kwa sauti, akainua macho kwenye mahindi yaliyomzidi kimo.

"Dada yangu," alisema, "kama haya ndiyo hayakulishwa, basi udongo wa huku hauhitaji chochote. Wala hauhitaji ofisi."

Wakulima wakaguna kwa kuridhika. Mmoja alisema yeye amekuwa akilisema hilo miaka yote, kwamba kubeba samadi ni kujichosha bure. Redio alikitazama kibao, akayatazama mahindi, akamgeukia Mama Mboji, na tabasamu likaanza kumchanua polepole. Mkwe alisimama pale na ufito wake. Dereva akawasha gari.

Mama Mboji alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza. Jina lake lingebaki safi, mahindi yangesifiwa hadi mavuno, na kitanda kingebaki kipana. Aliutazama ule mkono mdogo ulioshika gauni lake, akauachanisha vidole kimoja kimoja, akamgeukia mkulima aliyekuwa karibu naye na kumwomba panga.

"Msiondoke," alisema.

Akaingia kwenye tope na gauni lake, akaanza kufyeka. Mahindi yalikuwa yameshatoa nywele, punje zimejaa maziwa, na kila bua lilipoanguka lilimuuma kama limempiga yeye. Watu walidhani amepandwa na kichaa. Mkwe alimkimbilia kumzuia, akafika nusu ya njia, akasimama. Mama Mboji alimaliza mstari wa kwanza, akaingia wa pili, akaumalizia wa tatu akihema.

Pazia likawa chini. Nyuma yake yalionekana mahindi yenyewe, mafupi, ya njano, majani ya chini yamekauka, magunzi hayazidi kidole gumba. Na nyuma ya hayo, meusi kwa ukijani, ilisimama ile nusu iliyolishwa. Hata mwenye viatu vya kung'aa aliona yote pale barabarani.

"Haya niliyokata nililisha mimi," Mama Mboji alisema, panga likining'inia. "Kwa birika, na samadi ya kuku. Kwa sababu sikutaka mnicheke. Yale ya njano ndiyo hayakulishwa. Yale ya nyuma ndiyo kazi ya mwanangu huyu. Sasa chekeni, lakini mtazame."

Kisha sauti ya mwendesha pikipiki ikasikika kutoka nyuma ya watu.

"Kumbe ile chai!"

Kicheko kilichofuata kilisikika sokoni. Lakini wakicheka hivyohivyo, wakulima walianza kuyaruka mabua yaliyolala na kuingia ndani, wakipima magunzi kwa vidole, wakiuliza ni birika ngapi kwa shina ngapi. Yule aliyesema kubeba samadi ni kujichosha alikuwa wa kwanza kuuliza kuku wangapi wanatosha. Mkubwa alisita, akavitazama viatu vyake kwa mara ya mwisho, akaingia kwenye tope.

Ofisi haikufungwa. Jioni hiyo, wakifua lile gauni pamoja uani, Mama Mboji alijikaza akaomba msamaha kwa kumdanganya mkwe wake msimu mzima.

"Mama," mkwe alisema, "nyumba nzima ilinuka kuku. Nilijua tangu birika la kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Mistari ya pembeni huwa hatuipimi. Mbuzi huitafuna, watoto huichuma, na mama wakwe huilisha. Ningekuambia, ungehamia ya katikati. Sikujua tu kwamba mtu atakuja kukagua shamba na viatu vya ofisini."

Mama Mboji akalisugua gauni kwa nguvu kuliko tope lilivyohitaji.

Redio alitangaza habari ile mpaka ikaota mvi, na kwa kuwa aliitangaza vizuri, ilifika mbali kuliko mkutano wowote wa bibi shamba. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Muuza maziwa alisema kwa masikitiko kwamba samadi yake sasa ana matumizi nayo. Seremala alikuwa ameanzisha bustani. Banda la kuku likawekwa kufuli. Mama Mboji alizunguka mtaa mzima na ndoo, akarudi nayo tupu, na barazani kwa Redio aliona lundo limefunikwa turubai, mwenyewe kakaa mbele yake akishona huku akipiga mluzi.

Aliingia ndani amefura. Akamkuta mkwe akimenya viazi, akamwambia kwamba ofisi yake imemfilisi, hakuna hata majivu yaliyobaki mjini.

"Basi niandike barua nihamishwe?" mkwe aliuliza bila kuinua uso.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana, amekingama kitandani, miguu juu ya mto wa bibi yake. Mama Mboji alimtazama kwa muda. Kisha akamwambia mkwe aache upuuzi, ampe yale maganda kabla Redio hajayasikia.